Leta Ushahidi wa Maji

Maji yakikuharibia Kindu, kwanza lazima uvuke maji. Mashamba yetu yako upande wa Alunguli, ofisi iko Kasuku, ng'ambo, na daraja hakuna. Basi mkulima aliyemezewa mpunga wote na mto Lualaba anatoa franga zake za mwisho ili mwenye mtumbwi ampitishe juu ya Lualaba huo huo, akaandikwe kuwa hana kitu.

Mpunga si hoja sana. Ukishalala majini umekwenda, unalia mara moja unanyamaza. Kinachoudhi ni muhogo. Unaoza chini kwa chini huku majani yake yamesimama mabichi, nawe unaendelea kujipa matumaini. Mama watoto aling'oa shina moja, akaliminya, likamtoka kama uji katikati ya vidole. Jirani yangu, mtu asiye na haya, akasema tuushukuru mto, umetulowekea bure.

Tukasikia kuna feza ya serikali kwa walioharibikiwa. Pale kivukoni mwalimu mmoja mstaafu akatueleza kwamba sheria ya kilimo ya Desemba 2011 ipo, na kwamba huko Maputo, mwaka 2003, wakubwa wa Afrika waliahidi kukipa kilimo asilimia 10 ya bajeti. Nikafurahi sana. Kisha mwenye mtumbwi akadai nauli.

Ofisini kuna listi, na listi inataka kadi. Kitambulisho chetu ni kadi ya kura. Sensa ya mwisho ya nchi hii ya Kongo ilikuwa 1984, tangu hapo tunajulikana wakati wa uchaguzi tu. Yangu ni ya 2023, na zile za mwaka ule mnazijua: wino ulikimbia. Karani akaigeuza, akaipeleka dirishani, akaipuliza.

"Papa, hapa hakuna mtu."

"Si mimi huyu?"

"Wewe upo. Mwenye kadi ndiye hayupo."

Wenye kadi safi waliandikwa. Nikachungulia, nikamwona humo muuza simu mmoja wa mjini ambaye jembe hulijua likipita begani kwa wenzake. Hekta 2, mpunga. Nilitamani kumuuliza alitumia mbegu gani.

Wakaguzi nao wakaja. Maji yalifika Aprili, wao wakafika Julai, kiangazi kimekolea, vumbi tupu. Wakasimama katikati ya shamba na viatu vyao vinavyong'aa.

"Sasa maji yenyewe yako wapi?"

Shefu akanyoosha mkono kuelekea Kisangani, yalikokwenda. Mmoja wao akaandika: eneo kavu.

Jirani yule anasema shida yetu ni kukosa mshitakiwa. Wenzetu wa Kisangani walipondwa na vita, lakini walikuwa na wa kumshika: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Sisi tumshike nani? Hesabu anayo tayari. Ziwa Tanganyika likijaa, humwagikia mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga huingia Lualaba. Lualaba huingia kwetu. Ziwa lile ni la nchi nne, kwa hiyo Tanzania, Burundi na Zambia zina deni letu. Nikamkumbusha kwamba ya nne ni Kongo.

"Hiyo tuiache," akasema. "Itatuuliza kadi."

Tunaambiwa listi imepelekwa Kinshasa. Huku mvua za Septemba zimeanza, nami nimepanda palepale, maana kwingine kuna wenyewe. Juzi karani kanipigia simu, sauti tamu kabisa: faili langu linaweza kuokoka, inatakiwa tu picha ya shamba likiwa ndani ya maji, na mimi nionekane uso. Nimemwomba anivumilie hadi Aprili.