Iacheni Skrubu Yangu

Hapa Tabora ukiguna tu mbele ya cherehani, hakuna anayeuliza una nini. Mtu anaingia uani, anasema "Mwangaluka," na kabla hujaitikia mkono wake uko kwenye skrubu ya kukazia uzi. Shemeji, jirani, hata muuza asali aliyekuja kudai chake, wote ni mafundi wa skrubu ile. Bobini hawajawahi kuifungua, ila skrubu wamezaliwa nayo.

Mimi nadarizi mashuka. Kudarizi kwa cherehani ya miguu ni kujitafutia ugomvi. Unashusha yale meno yanayosukuma kitambaa (cherehani za zamani nyingine meno hayashuki, unayafunika kwa kibati), unatoa mguu wa kukandamizia, unabana shuka kwenye fremu ya duara. Kuanzia hapo kitambaa hakina dereva ila mikono yako. Ukisogeza fremu polepole huku miguu inakanyaga mbio, mishono inarundikana mahali pamoja. Ukikimbiza fremu kwenye kona ya ua, upande wa chini unaota kope.

Juzi nilikuwa kwenye shuka la harusi ya wifi. Mpwa wangu akanitungia uzi, nikashona ua moja, nikageuza: chini nyuzi tupu zimesokotana. Shemeji akakaza skrubu, fujo ikabaki vile vile. Akalegeza. Jirani akaja akakaza tena, akaongeza kwamba cherehani ina kijicho cha mtu.

Kijicho gani? Ule mkono wa nyuma unaopandisha mguu ulikuwa juu. Wakati wa kutunga uzi unatakiwa uwe juu, ili uzi uingie katikati ya vile visahani viwili. Kisha unaushusha, visahani vibane. Sasa kwenye darizi mguu wenyewe umeshatolewa, kwa hiyo jicho halioni cha kushusha. Uzi wa juu unateremka bila breki na kujirundika chini. Fujo iko chini, chanzo kiko juu, na watu wazima wamekazana na skrubu peke yake!

Mshono ukiruka, napo wanaikimbilia skrubu. Hawaangalii kama shuka limelegea kwenye fremu, linapanda na kushuka na sindano hadi ndoano ya chini ikakosa kitanzi cha uzi. Wala hawaiangalii sindano yenyewe. Mtaa wa Ng'ambo hapa mjini kuna watu wanashonea sindano iliyoanza kazi kabla kitinda mimba wao hajaanza chekechea. Imepinda, imebutuka, lakini anayelaumiwa ni skrubu. Mafuta nayo nisiseme. Kiangazi chetu kina vumbi la kutosha, halafu mtu anamiminia cherehani mafuta ya alizeti, yanagandana na vumbi lile, gurudumu likigoma anauliza skrubu iko wapi.

Na mji huu si mgeni wa nguo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba, na fedha ya safari ilikuwa vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Shuka ilikuwa kipimo, mikono minne; shuka mbili zikafanya doti, na hongo, yaani ushuru wa kupita njiani, ikalipwa kwa hizo. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba marobota ya kama frasila mbili, kilo 30 na ushee, mpaka huku. Nguo iliyotembea hivyo leo inaharibiwa na shemeji aliyeketi. Maana kila skrubu ikiguswa, hongo natoa mimi: kipande kingine cha kitambaa cha majaribio, na jioni nzima ya kufumua.

Basi karibuni uani, viti vipo na chai ipo. Skrubu nimeipaka rangi ya kucha pale inapotakiwa kusimama. Atakayeisogeza, shuka la wifi atalimalizia yeye, na uzi atanunua kwa pesa yake.