Haitatoka Tena: Juu ya Shafti ya Mbele ya Trekta Ndogo kati ya Arua na Koboko

Trekta ndogo, yaani ile inayoweza kupenya kati ya nyumba mbili za nyasi bila kugusa paa la yeyote, kwa kawaida husukumwa na magurudumu yake ya nyuma, lakini aina nyingi za Kijapani, kama zile za Kubota, Yanmar na Iseki, zina uwezo wa kuyaamuru magurudumu ya mbele yavute pia. Amri hiyo hupelekwa na shafti ya mbele, chuma cha mviringo kinacholala chini ya tumbo la trekta, kikitokea kwenye giaboksi na kuishia kwenye ekseli ya mbele, na ambacho mara nyingi huvishwa bomba la kukikinga na visiki. Katika trekta nyingi za namna hii kila mwisho wa shafti umechongwa meno, na meno hayo huingia ndani ya kapulingi, yaani kibomba kifupi chenye meno ya ndani, ambacho nacho huzuiwa kisiteleze na pini moja isiyozidi ukubwa wa kidole cha mtoto. Pini hiyo ndiyo kitu kidogo kuliko vyote katika mpango huu, na kwa hiyo ndiyo hubebeshwa lawama zote.

Ili lawama hizo zipimwe kwa haki, ni lazima ieleweke jambo ambalo wauzaji huliruka haraka wanapokabidhi ufunguo. Baadhi ya magari yanayovuta kwa magurudumu manne yana difu ya katikati, yaani mkusanyiko wa gia unaoruhusu upande wa mbele na wa nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti bila kugombana, ilhali trekta ndogo haina anasa hiyo. Mbele na nyuma vimefungwa pamoja kwa gia, na zaidi ya hayo watengenezaji huyapa magurudumu ya mbele mwendo uliozidi kwa asilimia chache, ili yavute badala ya kuburutwa. Shambani ziada hiyo haimsumbui mtu, kwa sababu gurudumu linalotaka kwenda mbele zaidi huteleza kidogo kwenye udongo na kuridhika, na hata trekta inapokata kona, ambapo magurudumu ya mbele hupita kwenye duara kubwa kuliko ya nyuma, udongo husamehe. Lami haisamehi.

Kutoka Arua hadi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni takriban kilomita 55, na barabara yake, ambayo huendelea hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ni ya lami, jambo ambalo kila mkazi wa eneo hili la West Nile aliyewahi kula vumbi lake la zamani hulishukuru, isipokuwa shafti ya mbele. Magurudumu ya mbele yakizidi kwa asilimia 2 tu, katika safari hiyo yatadai kwenda mita 1,100 zaidi ya yale ya nyuma, dai ambalo haliwezi kutimizwa kwa kuwa yote manne yamefungwa kwenye trekta moja na yanatarajiwa kufika Koboko kwa pamoja. Mita hizo hazipotei. Hulipwa njiani, sentimita kwa sentimita, na mpira wa matairi unaokwanguliwa, na meno ya shafti yanayosokotwa, na hatimaye na pini.

Dereva huiacha gia ya fowili, yaani wenzo mdogo ulio karibu na kiti unaounganisha magurudumu ya mbele, ikiwa imeingia kwa sababu zinazoeleweka kabisa. Trekta imetoka kwenye shamba la muhogo lenye matope, jua linazama, tajiri amekwisha kupiga simu mara kadhaa akiuliza iko wapi, na trela limejaa magunia, mabati na jamaa wa tajiri waliosema wanashukia hapo mbele tu, mahali ambapo pamegeuka kuwa Koboko yenyewe. Kuna pia imani kwamba magurudumu manne yakivuta, mafuta yatatumika nusu, hesabu ambayo kituo cha mafuta hakijawahi kuithibitisha. Onyo kweli linaweza kuwapo, lakini trekta iliyotumika Japani kabla ya kuletwa huku hubeba vibandiko vya Kijapani, na katika eneo ambamo mtu huweza kuuliza bei ya simsim kwa Kilugbara, akajibiwa kwa Kikakwa, akabishana kwa Kiswahili na kurudishiwa chenji kwa Kinubi au Kilingala, Kijapani bado hakijafika sokoni. Dereva mwenye bidii hukitazama kibandiko, akaona picha ya trekta na alama ya mshangao, akahitimisha kwamba ni pongezi.

Dalili ya kwanza ya mkazo uliojilimbikiza ndani ya shafti ni kwamba gia ya fowili hukataa kutoka. Meno yamebanana kwa nguvu zile zile ambazo lami ilikataa kuzipokea, na wenzo unakuwa mgumu kama uliochomelewa. Tiba yake ni ya bure: trekta irudishwe nyuma kwa mstari ulionyooka, mita chache tu, mkazo utafunguka na wenzo utatoka kwa vidole viwili. Hata hivyo kurudi nyuma mbele ya abiria kunaonekana kuwa ni kushindwa, na kwa hiyo kinachotumika ni mguu, kisha mguu wa mtu mwingine, kisha nyundo, hadi wenzo upinde na kuelekea mahali ambapo goti la dereva lilikuwa likikaa. Tangu siku hiyo dereva huketi upande, na watu humdhania kuwa na maringo.

Pini inapokatika, au inapodondoka kimya kimya, kapulingi huteleza juu ya shafti hadi meno yanaachana, na magurudumu ya mbele yanageuka kuwa abiria. Kwenye lami hakuna anayetambua, na pengine trekta huenda vizuri zaidi kuliko awali, jambo ambalo lingepaswa kumfikirisha mwenye trekta. Habari hujulikana mvua zinapoanza, trekta ikiwa imezama kwenye bonde, nyuma ikizunguka na kurusha matope huku mbele ikitazama tu. Ndipo hukusanyika baraza la wataalamu, ambalo huwa na vijana wa bodaboda wawili au watatu, mzee aliyewahi kuendesha lori hadi Juba, na mtu mmoja asiyejulikana na yeyote ambaye ndiye mwenye uhakika kuliko wote. Hukumu yao haitofautiani: pini ilikuwa dhaifu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini pini, ambayo kosa lake ni kuleta habari za lami, huuawa papo hapo na mahali pake hutafutwa kitu chenye nguvu zaidi.

Kitu cha kwanza ni msumari wa inchi nne. Msumari hupita kwenye tundu la pini bila kulijaza, kisha hukunjwa pande zote mbili ili usitoke, na mikia yake miwili iliyokunjwa huanza kazi ambayo haikupangiwa: kila shafti inapozunguka, mikia hiyo hukwaruza upande wa ndani wa bomba la kinga, ikitoa mlio mwembamba wenye mapigo sawa, ambao dereva huuelezea kwa tajiri kuwa ni injini inazoea. Bomba likifunguliwa baada ya msimu mmoja huonekana mfereji unaong'aa uliozunguka ndani yake, mwembamba na nadhifu, kazi ambayo mchongaji angelipwa kuifanya. Msumari nao, kwa kuwa ni chuma laini, umekwisha kuliwa kiunoni na kubaki na umbo la herufi S.

Baada ya msumari huja bolti. Bolti haikatiki, na huo ndio uzuri wake wote. Ubaya wake ni kichwa na nati, ambavyo vimetokeza kiasi kwamba bomba la kinga halirudi tena mahali pake. Bomba basi hupelekwa nyumbani, likawa nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, na shafti hubaki uchi chini ya trekta. Nyasi ndefu, nyuzi za magunia na vipande vya kavera, yaani mifuko ya plastiki, hujiviringisha juu yake hadi vinafika kwenye sili, yaani mkanda wa mpira unaozuia oili isitoke pale shafti inapoingia kwenye giaboksi au ekseli, na nyuzi hizo huukata mpira huo polepole kuliko kisu lakini kwa uaminifu zaidi.

Mwisho wa safari hii ni mchomeleaji. Mafundi wa Koboko wamezoea malori yanayokwenda Sudan Kusini na Kongo, na jicho lililozoea lori la tani nyingi huona kila kitu kwenye trekta ndogo kuwa ni mzaha unaohitaji kuimarishwa. Mchomeleaji hulala chini, huitazama kapulingi, huomba msumeno, kisha hubadili mawazo na kuomba fimbo za kuchomelea. Kebo ya ardhi, yaani ile inayorudisha umeme kwenye mashine, huning'inizwa popote palipo karibu na mkono, mara nyingi kwenye ndoano ya trela huko nyuma, bila kujali kwamba umeme utasafiri kutoka mbele hadi nyuma ukipitia kwenye beringi za giaboksi na kuacha vidonda vidogo juu ya gololi zake. Joto nalo huipika sili iliyo jirani. Kazi ikiisha, fundi husimama, hujifuta mikono, na kutamka ahadi ambayo katika historia ya ufundi ni miongoni mwa chache zilizotimizwa kikamilifu: “Mzee, hii sasa haitatoka tena.”

Haitoki. Oili inapoanza kudondoka kupitia kwenye sili iliyopikwa, na sili ni kitu cha bei ndogo kinachobadilishwa kwa muda mfupi iwapo kapulingi inaweza kusogezwa nyuma, hugundulika kwamba kapulingi na shafti sasa ni chuma kimoja. Kinachofuata ni kukata. Shafti iliyokatwa ni fupi, na shafti fupi haina meno mahali yanapohitajika, na kwa hiyo kitu kilichoanza kikiwa pini kimekuwa shafti, kapulingi, sili na beringi, bila kutaja gia za ekseli, ambazo sasa hubaki na mkazo ambao zamani ulikoma pini ilipokatika.

Vipuri hivyo huagizwa Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, na hufika kwa basi la usiku. Mwagizaji hutuma picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli, shafti ikiwa imelazwa juu ya gunia bila kitu chochote cha kuonyesha ukubwa, na muuzaji hujibu kwa kujiamini kwamba ipo. Kilichokuja kina meno mengi zaidi kuliko ya mwanzo, au kipenyo pungufu kwa milimita mbili, na fundi huahidi kukipiga msasa. Ingetosha kuhesabu meno mara mbili, mara ya pili akihesabu mtu mwingine asiyeambiwa jibu la wa kwanza, kupima kipenyo na urefu, na kutuma namba ya trekta iliyogongwa kwenye bodi; lakini namba hiyo imefunikwa na rangi mpya, iliyopakwa ili trekta ionekane haina matatizo.

Matairi yanahitaji kutajwa, ingawa hakuna anayeyashuku. Tairi la mbele likiisha, huwekwa lingine lililopatikana, pengine la pikapu, na kwa kuwa limeingia kwenye rimu huhesabiwa kuwa limekubali. Tofauti ya mzingo, yaani umbali ambao tairi hutembea kwa mzunguko mmoja, huweza kuigeuza ile ziada ya asilimia chache kuwa kubwa mno au kuifuta kabisa, na hapo hata udongo huchoka kusamehe. Alama ya chaki kwenye tairi, mizunguko kumi kwenye uwanja ulio sawa na kamba ya kupimia vingeonyesha kama tairi jipya linatembea sawa na lile lililotoka, kabla ya meno ya shafti kulazimika kusema.

Katika trekta nyingine, mahali pa kapulingi huwa na krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu shafti kuzunguka huku imepinda, na ambacho Wazungu hukihusisha na Girolamo Cardano wa Italia aliyefariki mwaka 1576 na Robert Hooke wa Uingereza wa karne iliyofuata. Krosi moja ina tabia ya kutotoa mwendo sawa: ikipinda kwa nyuzi 20, upande wa pili huenda kwa kasi ya kati ya 94 na 106 kwa kila 100, na hubadilika hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili huwekwa ili ifute kosa la ya kwanza, mradi uma, yaani mikono inayoishika krosi kwenye ncha mbili za shafti, zikae katika ulalo mmoja na krosi zote mbili zipinde kwa kiasi sawa. Fundi anayefungua bila kuweka alama ya rangi, kisha akafunga kwa kubahatisha, huzifanya krosi mbili zishirikiane katika kosa, na trekta hutetemeka hadi taa ya mbele inafunguka yenyewe. Krosi hizi hutaka grisi mara kwa mara kwa bomba la grisi, hadi ile ya zamani, iliyochanganyika na vumbi jekundu la kiangazi na kuwa msasa, itoke pembeni; kupaka grisi kwa nje kwa kidole, kama inavyofanywa siku ya kuuza, kunasaidia bei peke yake.

Kwa hiyo ombi liwaendee wanaoziingiza na kuziuza trekta hizi katika West Nile: pini za akiba za saizi sahihi ziwekwe kwenye mfuko mdogo na kufungwa kwenye usukani siku ya makabidhiano, na pembeni ya gia ya fowili yaandikwe kwa rangi isiyofutika, kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, maneno haya tu: shambani ingiza, kwenye lami toa, ikikataa kutoka rudi nyuma.