Sifa za Ndago

Washairi wetu wa pwani waliimalizia asumini sifa zote. Kilua kina nyimbo zake, mkadi una zake, na waridi tumewapa mabinti zetu liwe jina. Sijamsikia mtoto aitwaye Ndago. Hata kwenye ugomvi wa bombani, ambako watu huitana kila mnyama aliyepanda safina ya Nuhu na wengine walioachwa, hakuna aliyemwambia mwenzake "ndago wee". Kutotukuzwa ni jambo moja. Lakini mtu kukosa hata kutumiwa kwenye matusi, huo ni uonevu.

Leo nalipa deni hilo. Nina haki ya kusema, maana nimeishi na ndago miaka sita, kiwanja kimoja, huku Kibamba, tangu nyumba ikiwa msingi na rundo la mawe. Watoto wangu wamekwenda bweni na kurudi, mafundi wamebadilika wanne, paka wametuhama wawili. Ndago haijawahi kulala nje ya nyumba hata siku moja.

Asiyeijua ataidhani nyasi. Basi chuma bua lake moja, lile lenye kishada cha kahawia juu, ulizungushe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi kona tatu. Bua la nyasi ni la mviringo, la ndago lina pembe tatu, kwa kuwa ndago ni ya ukoo wa mafunjo, hayo hayo ambayo Wamisri wa kale waliyageuza karatasi. Ukoo mkubwa huo, hauna mazoea na ukoka. Mswidi Linnaeus aliisajili mwaka 1753 kwa jina la Cyperus rotundus, na hiyo rotundus, yaani ya duara, inasemea kitu kilicho chini ya ardhi. Sasa livute jani. Utasikia "tk", sauti ndogo sana, kama mtu aliyefunga komeo kwa ndani. Mkononi umebaki na majani na kipande cheupe cha shina. Chini, kiasi cha urefu wa kidole, kuna kiazi cheusi kama punje ya karanga, kimetulia, kinasubiri uondoke.

Mwaka 1977 wataalamu wa magugu, Mmarekani LeRoy Holm na wenzake, walitoa kitabu cha magugu mabaya kuliko yote duniani. Walipoyapanga, ndago ikashika namba moja. Walikuta imesumbua nchi 92 na mazao 52. Sisi ambao timu yetu ikifika robo fainali tunafunga barabara kwa vuvuzela, tuna bingwa wa dunia aliyelala chini ya dirisha la jikoni, hana kocha, hana mdhamini, na tunamwendea na panga.

Ilifikaje kwangu? Nauli tuliilipa wenyewe. Kiwanja kilikuwa na bonde upande wa nyuma, ikabidi tulete kifusi. Lori la tani saba likaja, likamwaga, na dereva akanijia akifuta jasho: "Udongo mweusi huu, mama. Hata ukipanda jiwe litaota." Hakudanganya hata neno moja.

Nyumba zetu hukua taratibu kama watoto: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, mwaka wa tatu bati, na katikati ya hapo zimekaa ada za shule na misiba. Tulihamia bati likiwa juu na mlango ukiwa mmoja. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya dari na kabla ya vioo, ni kupanda maua. Nilinunua barabarani, kwenye viriba: miwaridi sita, asumini mbili, rehani, mlangilangi mmoja, na bogonvilia ya rangi ya zambarau ambayo muuzaji aliniapia kwa jina la mama yake kuwa ni nyekundu. Baba watoto aliniuliza kama nimeona kuwa choo bado hakina mlango. Nikamwambia nimeona.

Halafu wakaja mafundi. Fundi ujenzi haoni ua, anaona mahali pa kumwaga kokoto. Miwaridi miwili ilizikwa chini ya mchanga siku ya kwanza. Wa tatu ulitumika kama kigingi cha kamba ya kupima usawa wa ukuta. Zege likachanganywa juu ya asumini, maana pale ndipo palipokuwa tambarare, na nani alipasawazisha kama si mimi? Maji ya saruji yakatiririka hadi kwenye rehani, ikageuka rangi ya majivu, ikafa ikiwa imesimama wima.

Zege jipya lakini linanyweshwa. Siku saba, asubuhi na jioni, wale wale ambao hawajawahi kumwagilia ua hata kwa bahati mbaya walilishika bomba la maji kwa upole wa wauguzi wa wodi ya wazazi. Walinywesha jamvi, walinywesha tofali, walinywesha nguzo zilizovikwa magunia. Maji yote hayo yaliteremka yakaishia wapi? Nilipokagua bustani mwisho wa juma la kwanza, ndago ilikuwa imenawiri, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ndiyo iliyofaidi ujenzi wangu kabla yangu.

Baraza la nyuma lilifuata. Tulishindilia moramu, tukatandaza nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu usipande, kisha hela ikaisha. Nailoni ikakaa wazi miezi mitatu. Asubuhi moja nilitoka kuanika kanga nikaikuta imetobolewa matundu mengi madogo, safi, bila kuchanika popote, na katika kila tundu sindano ya kijani imechomoza wima. Cherehani isingeweza. Nilimwita fundi aone. Akaziangalia kwa heshima ya mtu wa kazi anayeiona kazi ya mwenzake, akasema, "Usihofu mama, tukimwaga zege inakufa yenyewe." Zege lilipomwagwa hatimaye, ilitokea pembeni, kwenye ule mwanya kati ya jamvi na ukuta. Yeye alisema mwanya huo haupo.

Bustani ya maua ni kubembeleza majira, na majira hayabembelezeki. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mwaridi huota madoa meusi majanini, majani yakapukutika, ukabaki na fimbo yenye miiba. Kipupwe kikiingia unapona, Julai unatoa ua, unaita watu, mnapiga picha. Januari na Februari maji yanakuja kwa mgao, na mwenye nyumba inabidi achague kati yake na mwaridi nani aoge. Mwaka wa tatu nilikuwa naukogea juu, nikiwa nimesimama katika beseni ili maji yangu ya sabuni yapate kazi ya pili. Haukuyapenda.

Ndago haijaniomba kitu. Kiangazi kikizidi inakausha majani yake yote ikajifanya maiti, viazi vikalala ardhini bila kudai hata matandazo. Unapita, unaona udongo mtupu, unajipongeza. Kisha inanyesha mvua ya kwanza ya vuli, ile ya Oktoba isiyojaza hata ndoo, na siku chache baadaye unafungua dirisha la jikoni unakuta kijani kimetanda. Hakuna kitalu kinachoweza kukuuzia mmea wenye nidhamu hiyo. Jirani yangu wa kushoto, mwanamke mwenye macho ya ukarimu, alipita jioni moja mwanga ukiwa umefifia akasimama kwenye nguzo ya geti. "Jamani shoga, ukoka wako umekubali!" Nilimwambia asante.

Nikubali kwamba nami nimeichangia. Mwanzoni nilimlipa saidia fundi mmoja alipige jembe eneo lote, kijana mwenye nguvu, akalima hadi jasho likamtoka kama mvua. Nilikuwa sijajua wanavyoishi kule chini. Viazi vya ndago vimeunganishwa na vijizi vyembamba, kimoja hadi kingine, mnyororo mzima, na kilicho mbele huwazuia wenzake wasiamke, kama kaka mkubwa anayeshika funguo za nyumba ya marehemu baba. Mnyororo ukiwa mzima, wengi hulala miaka. Jembe likiukata, limegawa mirathi: kila mmoja anapata chake, anafungua mji wake, anaoa. Yule kijana alifanya kazi ya hakimu wa mirathi kwa siku mbili, nikampa na chakula cha mchana. Wiki tatu baadaye nilikuwa na koo mia.

Dawa ya duka la pembejeo nilijaribu pia. Upepo wa saa nne uliivusha ikaenda kwenye mwaridi wa nne na wa tano. Ndago ikawa ya njano kidogo, ikapumzika mwezi mmoja, ikarudi.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe, alipotoka Pangani kuja kuona nyumba. Alifika asubuhi, hajakaa, hajanywa maji, akazunguka uani akiwa amefunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii umeipanda?"

"Imejiotea tu, mama."

Akainama, akachuma moja, akaizungusha vidoleni vile vile nilivyoeleza. "Ndago hii. Ndago haing'olewi, mwanangu. Ndago huhamwa." Kisha akanyoosha mgongo, akatazama juu, akatazama tena kama mtu aliyepoteza kitu angani. "Mwembe uko wapi?"

Mwembe. Tulikuta mwembe mkubwa tuliponunua kiwanja, dodo, unafunika nusu ya uwanja wa nyuma. Tuliukata. Lori la kifusi lilikuwa halipindi.

"Basi," akasema mama, akaenda kukaa.

Maana ndago, bingwa wa nchi 92, inayotoboa nailoni, inayojifanya maiti na kufufuka, ina udhaifu mmoja wa kibinti mfalme: haivumilii kivuli. Chini ya mti mnene hudhoofika, majani yakarefuka yakawa membamba na ya kupauka, viazi vikapungua. Kwa hiyo hesabu yake ni hii, na mtu mwenye moyo mdogo asiisome: tuliukata mwembe ili lori lipite, lori likaleta ndago, na jua lililokuwa likizuiwa na mwembe likailea. Baba watoto huwa anasema tulipata mbao nzuri. Tulipata ubao mmoja wa kukatia nyama.

Sifa nyingine nazitaja harakaharaka, msije mkadhani naibeba. Wahindi huviweka viazi vyake katika udi wao na manukato, na katika dawa zao za asili. Wachina nao wanavyo katika zao. Huko Sudan, kwenye makaburi ya Al Khiday karibu na Khartoum, watafiti walikwangua ugando kwenye meno ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, wakatangaza mwaka 2014 kwamba watu wale walikuwa wakila ndago, na kwamba huenda ndiyo iliyowalinda meno yasioze, kwa sababu yalikuwa mazima kwa namna ya kushangaza. Ndugu yake wa karibu, mwenye viazi vitamu, amefanikiwa ughaibuni: huko Valencia, Hispania, wanamkamua kinywaji cheupe kinachonywewa baridi na watalii wanalipa. Wetu sisi kabaki kijijini.

Niliposoma habari za meno nilifukua kimoja, nikakiosha, nikakimenya kwa ukucha. Ndani ni cheupe. Harufu ni nzuri kweli, kati ya udi na kafuri, ya kabati la bibi. Nikakitafuna. Uchungu ulianzia kwenye ulimi ukapanda hadi nyuma ya masikio, na chai ya tangawizi haikuutoa. Nikawaza wale watu wa Al Khiday na meno yao mazuri, na nyuso walizokuwa nazo wakati wa kula.

Nyumba sasa inakaribia kuisha, kwa maana ya kwamba orodha ya visivyokwisha inaingia ukurasa mmoja. Mwaridi wa sita uko hai, una ua moja. Bogonvilia imepanda ukuta hadi kwa jirani. Mche wa mwembe nimeupanda vuli iliyopita, umefika magotini, kivuli chake kinamtosha kuku mmoja aliyekaa kwa adabu.

Jirani mwenyewe, yule wa macho ya ukarimu, mwezi jana amemaliza kupaua. Naye kabla ya dari ameanza maua, kama mimi. Amekwangua uwanja wake wote akakuta kichanga cheupe kisichoshika maji, akaja jioni amebeba sahani ya vitumbua imefunikwa kitambaa. Tukala, tukazungumza habari za bei ya saruji. Alipokuwa anaaga akasimama pale pale kwenye geti.

"Shoga, nakuomba kitu, usione nina tamaa. Ule udongo wako mweusi wa kule nyuma, una hata toroli mbili za kunipa?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kutosha mtu mwema kusema ukweli. Kisha nikaenda kuchukua chepe.

Nimempa toroli sita.