Sifa za “Sikumbuki”

Kuna maneno yaliyofanya kazi kubwa duniani bila kupewa nishani. Mojawapo ni “sikumbuki”. Halitaki kielelezo wala shahidi, na hata ukiliapisha kwa Biblia, huoni pa kulishika.

Agosti 1998, Redmond, jimbo la Washington. Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa wameishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu za Windows kuibana Netscape, kampuni ya kivinjari, na Bill Gates, mkuu wa Microsoft, kaketishwa mbele ya kamera ahojiwe na wakili wa serikali, David Boies. Anaulizwa juu ya barua pepe alizoziandika mwenyewe, hakumbuki kuziandika. Anaulizwa ni vivinjari gani vya wengine vilivyokuwa vikimtia wasiwasi. Anataka kwanza aelezwe hapo wasiwasi maana yake nini. Boies akamuuliza kama neno hilo analijua kwa Kiingereza. Analijua, akasema. Siku tatu zikapita kwa mwendo huo.

Aliyewahi kumpelekea kitambaa fundi cherehani wa mtaani atautambua ustadi huu. Unafuata suruali yako mkesha wa Idi, naye anainua macho taratibu: “Suruali ipi?” Unaanza kueleza rangi, unaeleza mifuko, unaeleza uliileta lini, na kabla hujafika mwisho, wewe ndiye unayehojiwa.

Video ilipooneshwa mahakamani, watu walicheka, na Jaji Thomas Penfield Jackson alikuwa miongoni mwao. Sanaa mpya huanza hivyo, kwa kuchekwa. Tena ilikuwa na kasoro, tusifiche: ulimi ulisahau, lakini barua pepe zilikumbuka, na Boies alizileta moja baada ya nyingine. Juni 2000 jaji akaamuru kampuni ikatwe vipande viwili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta amri hiyo, na moja ya sababu ni kwamba jaji alikuwa amezungumza faraghani na waandishi wa habari kesi ikiwa bado mikononi mwake. Hatia ya kulinda ukiritimba ilibaki, ni kweli. Lakini asiyekumbuka alitoka na kampuni nzima, na msimuliaji mzuri akanyang'anywa kesi.

Google nao wakaitibu ile kasoro. Kama barua ndiyo inayokumbuka, basi isahaulishwe. Soga za wafanyakazi zikawekwa zijifute zenyewe baada ya saa 24, mtu asipowasha kumbukumbu. Barua pepe nyeti zikapelekewa nakala mwanasheria, hata kama hakuwa na la kushauri, ili zivae joho la siri ya wakili na mteja. Jaji Amit Mehta, aliyeamua Agosti 2024 kwamba Google ilidumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, alistaajabia bidii hiyo ya kutoacha nyayo. Adhabu kwa hilo hakutoa. Staha ya namna hiyo ndiyo inayolea vipaji.

Bingwa wao, mkurugenzi mkuu Sundar Pichai, aliteleza mara moja tu. Mwaka 2021, akiwa kwenye soga na wenzake, aliandika kuomba kumbukumbu izimwe. Kisha, kwa mujibu wa nyaraka za mahakama, alijaribu kuufuta ujumbe huo wenyewe baada ya sekunde 9. Tisa! Fundi wangu wa suruali angekuwa ameshasahau tangu ya pili.