Mlipe Kwanza, Posa Baadaye

"Mshauri, nimefiwa na mke miaka mitatu sasa. Dada wa kazi anayelea wanangu wanne anaimba akifua, anapanda nao mwembe, na siku hizi nawahi mno kurudi nyumbani. Nimuoe?" – Mgane, Tabata

Ndugu Mgane, pole kwa msiba. Bila shaka umeitazama *The Sound of Music*, filamu ya mwaka 1965, ukajiona ndiye Kapteni von Trapp. Basi shika kisa chenyewe. Georg von Trapp wa Salzburg alifiwa na mkewe mwaka 1922, akaachiwa watoto saba. Mwaka 1926 Maria Kutschera alitoka kwa watawa wa Nonnberg kuja kumfundisha binti mmoja tu aliyekuwa mgonjwa. Hao saba wote alitwishwa na filamu. Alipoposwa, alirudi Nonnberg kutaka shauri, na mwaka 1927 wakaoana, yeye ana miaka 22 na bwana 47. Baadaye aliandika waziwazi kwamba siku ya harusi aliwapenda watoto. Kumpenda mume kulikuja nyuma. Umri wao sina neno nao. Ninachokitazama ni kwamba Maria alikuwa na pa kwenda kuuliza, na angeweza kubaki hukohuko.

Dada wako je? Analala kwako, anakula kwako, mshahara wake uko mfukoni mwako. Akikuitikia, utajuaje kama ni mapenzi au ni hofu ya kufukuzwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari, na hiari ya mtu unayemlipa ni ngumu kuipima. Kwa hiyo mlipe stahili zake zote, mpe na nauli, arudi kwao. Kisha tuma mshenga na barua ya posa, kama anavyoposwa binti yeyote.

Utasema watoto watamlilia. Watamlilia, naam, lakini hoja hiyo inanitia shaka: kuna wanaume wanaooa ili wapumzike kulipa mshahara. Utasema pia kwamba akifika kwao huenda akaposwa na mwingine akakubali. Huenda, na hapo utakuwa umejibiwa. Akikukubali wewe, sheria hiyohiyo inadai taarifa isiyopungua siku 21 kabla ya ndoa. Zitumie kutafuta dada mwingine wa kazi, maana bibi harusi hatalipwa tena, na nguo za watoto wanne zitaendelea kuchafuka.