Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Wastani

Kwenu Waheshimiwa mnaopima maji ya Mto Msimbazi,

YAH: PONGEZI KWA MASIKA, MTUMISHI HODARI WA IDARA YA USAFI

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hakuna mtumishi anayestahili cheti kuliko masika. Mwezi Aprili mto huu unaotoka milima ya Pugu hufurika, rangi za viwandani hupauka, chumvi hushuka kwenye kipimo, na chupa moja iliyochotwa darajani saa nne asubuhi, baada ya chai, hutosha kuandika kwamba hali inaridhisha. Namba hiyo ikijumlishwa na ya kiangazi kisha ikagawanywa kwa mbili, hupatikana wastani wa mwaka, namba mpole isiyomsumbua mtu. Kasoro yake ni kwamba maji ya wastani hayajawahi kupita Vingunguti. Septemba, mvua zikiwa zimekatika, maji ya kuyazimua majitaka ya majumbani na viwandani huwa machache, na ndio wakati wakulima wa bondeni wanachota mtoni kumwagilia mchicha. Mlaji hali wastani, anakula Septemba. Na Aprili nayo inasifiwa kupita kiasi. Tuseme uchafu katika kila lita umepungua kwa nusu huku maji yakiongezeka mara kumi: mzigo unaoingia baharini pale Daraja la Selander umekua mara tano.

Najua mtajibu kwamba wachafuzi ni wananchi wenyewe, wanaotapisha vyoo mvua inaponyesha. Wapo, na kwa hilo hilo vipimo vya kila msimu vingewafaa ninyi kuliko mtu yeyote. Vimelea vya kinyesi vikipanda ghafla na mvua za kwanza za vuli, vyoo na mitaro vitakuwa vimejitaja. Lakini kemikali zikiwa kali katikati ya ukame, siku ambayo halijaanguka hata tone la kusomba kitu, basi kuna bomba linalomwaga kila siku, na bomba lina mwenyewe. Wastani huwatia wote gunia moja, na anayetolewa kwanza huwa mwenye choo cha shimo. Mkisema bajeti haitoshi, kumbukeni kwamba kifaa cha mkononi cha kupima oksijeni hakitupwi baada ya matumizi. Kinachotakiwa ni mtu kurudi sehemu ileile kila mwezi, mara nyingine alfajiri, kabla jua halijausaidia mwani kuongeza oksijeni, kisha aandike tarehe na hali ya mvua mbele ya kila namba.

Kwa hiyo cheti cha masika kisichapwe kwanza. Bandikeni ubaoni namba 12 za mwaka, kila moja na mwezi wake, tuone ni nani atakayekuja mbio kuomba wastani urudishwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlaji wa Mchicha