Waliopimwa Wakatosha

Ghala la nyuma la uwanja wa mpira wa kikapu, Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Usiku. Waliomo ni KITI, aliyechakaa kando ya uwanja kwa kubeba wachezaji wa akiba wa Memphis Grizzlies. FUTIKAMBA, mzururaji wa kambi za vijana. JARIDA la michezo, limejikunja pembe lakini bado linajisikia. Na RABA ya mguu wa kulia, saizi inayotosha kulaza paka.

FUTIKAMBA: Shikamoo, Mzee Kiti.

KITI: Marahaba. Wewe nawe wamekutupa humu?

FUTIKAMBA: Wamenunua kipimo cha leza. Kinampima mtoto bila hata kumgusa.

KITI: Heri yake huyo mtoto.

FUTIKAMBA: Mzee, usinianze. Mimi sijawahi kusema uongo. Nikisema sentimita 221, ni 221.

KITI: Hizo 221 nazijua, zilinikalia. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 Grizzlies walikuwa na zamu ya pili ya kuchagua wachezaji wapya, wakamchukua yeye. Wa tatu akawa James Harden. Wa saba akawa Stephen Curry.

FUTIKAMBA: Curry! Yule ungemwona enzi zile ungemtafutia uji.

KITI: Na Thabeet ungemwona ungemtafutia mlango mwingine. Basi wakadhani hesabu imekwisha hapo. Chuoni Connecticut alikuwa akifuta mitupo ya wenzake kama anatoa buibui darini, hilo hakuna wa kulikataa. Lakini mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa, na huku wanauanza kabla meno ya utoto hayajang'oka. Alihitaji miaka ya kufundishwa. Akapewa miezi. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya kukuza vipaji, na hakukuwa na aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi kile akateremshwa huko. Februari iliyofuata wakamuuza Houston.

FUTIKAMBA: Sasa kosa langu liko wapi? Mimi nilisema ni mrefu. Jarida ndiye aliyeongeza maneno.

JARIDA: Nimesikia jina langu, na sijasikia shikamoo.

RABA: Shikamoo, Shangazi Jarida.

JARIDA: Marahaba, mwanangu. Angalau wewe umelelewa. Bwana Futikamba, mimi nafanya kazi ngumu. Nachukua watoto wa nchi nzima, wa miaka 15, 16, 17, nawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mia. Nawapa nyota, mwisho tano. Unadhani ni kazi ya kila mtu?

KITI: Kwa kweli si ya kila mtu. Nadhani ni ya mganga.

JARIDA: LeBron James! Nani alisema ni mteule angali mwanafunzi wa sekondari? Februari 2002, jaladani! Tulikosea?

KITI: Hamkukosea. Tatizo, Shangazi, kila mkiulizwa mnamtaja huyohuyo. Miaka zaidi ya ishirini shahidi ni mmoja.

RABA: Mimi nilimwona LeBron kabla ya jalada.

JARIDA: Wewe? Wapi?

RABA: New Jersey, Julai 2001, kambi ya ABCD. Sisi raba ndio wenye kambi, hamjui? Makampuni ya viatu yanakusanya watoto, yanawavisha, yanawachezesha, makocha wa vyuo wamekaa juu na kalamu. Mwaka ule mfalme wa kambi alikuwa Lenny Cooke, wa Brooklyn. Wengine walimpanga wa kwanza kati ya wanafunzi wote wa sekondari, Carmelo Anthony akiwa chini yake. Akakutanishwa na mtoto wa Ohio, mdogo wake kwa zaidi ya miaka miwili. LeBron alifunga pointi 24, Cooke 9. Na mtupo wa mwisho, wa pointi tatu, LeBron aliutupa akikimbia, timu yake ikashinda.

JARIDA: Siku moja mbaya.

RABA: Ndiyo, moja. Mwaka uliofuata Cooke akajiandikisha NBA bila kupitia chuo. Usiku wa uchaguzi majina yakasomwa mpaka yakaisha, lake halikusomwa. Akacheza Ufilipino, akacheza China, ajali ya gari ikamvunja. Mwaka 2013 wakamtengenezea filamu.

KITI: Na yule aliyempanga wa kwanza alipelekwa ligi gani?

(Kimya. Jarida anajikunjua pembe, anaikunja tena.)

JARIDA: Sisi tunatabiri tu. Anayeamua ni klabu.

KITI: Haya, tuje kwa klabu. Mwaka 2001 Washington walikuwa na zamu ya kwanza, na aliyekuwa akichagua ni Michael Jordan mwenyewe. Akamchukua Kwame Brown, kijana wa Georgia, miaka 19, katoka sekondari. Hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kuchaguliwa wa kwanza kabla yake. Vuli ileile Jordan akavaa jezi tena, akawa bosi wake wa jana na mchezaji mwenzake wa leo. Fikirieni: unaanza kazi, na aliyekuajiri ameketi meza ya pili anakutazama unavyoandika. Tena ndiye mwandishi bora aliyewahi kuzaliwa.

FUTIKAMBA: Nilimpima Kwame. Mabega yale!

KITI: Mabega hayakulalamikiwa. Basi Februari 2008 akaja hapa kwangu. Los Angeles Lakers walimtoa yeye na wengine, na haki za kijana mmoja wa Hispania, Marc Gasol, wakampata kaka yake, Pau. Pau, kama mmesahau, alichaguliwa wa tatu mwaka uleule wa Kwame. Watu wakacheka nchi nzima: Memphis wameibiwa mchana! Marc alikuwa chaguo la 48 mwaka 2007, nani angemhesabu? Mwaka 2013 huyo wa 48 akatangazwa mlinzi bora wa ligi nzima, amevaa jezi ya hapa. Mimi hakunikalia sana.

RABA: Na Kwame?

KITI: Alinikalia vizuri, hana makuu. Kisha akaenda zake, akaendelea kucheza mpaka 2013. Misimu 12! Mnajua ligi ile nzima ina nafasi kama 450 tu? Mtu anaishika moja miaka 12, analipwa mamilioni ya dola, halafu anayemwita mshindwa ni jamaa aliyekatwa timu ya shule darasa la nane.

JARIDA: Alikuwa wa kwanza, Mzee. Angekuwa wa 40, tungemsifu.

KITI: Umesema mwenyewe, Shangazi. Namba ni yenu, deni ni lake.

FUTIKAMBA: Lakini Mzee, yapo mambo hata mimi sina mstari wake. Greg Oden, 2007. Nilimpima, kila mtu akaridhika. Portland wakamchukua wa kwanza, Kevin Durant akabaki wa pili. Goti likakataa. Likatibiwa, likakataa tena, na la pili likafuata mkumbo. Mechi 105 za ligi, basi. Mimi napima urefu wa mguu. Sipimi utavumilia nini.

KITI: Hapo nakuonea huruma kidogo. Kidogo tu.

RABA: Mimi nilichopenda ni dawa yao. Ligi ikaona watoto wa sekondari wanaivuruga, ikaweka sharti kuanzia uchaguzi wa 2006: Mmarekani awe anatimiza miaka 19 mwaka huo wa uchaguzi, na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Basi nyota akaenda chuo mwaka mmoja. Chuo kikauza tiketi, kikauza jezi, sisi viatu tukalipa chuo, kocha akajengewa nyumba. Mchezaji akapata chakula na kitabu cha jiografia. Ilibidi ifike 2021 ndipo wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao wenyewe.

JARIDA: Elimu haina mwisho.

RABA: Ya kwao ilikuwa na mwisho, Shangazi. Aprili.

FUTIKAMBA: Na dawa yenyewe haikuponya. Anthony Bennett, 2013, alipitia chuo huko Las Vegas, Cleveland wakamchukua wa kwanza. Misimu minne akawa nje. Wa 15 mwaka ule alikuwa Mgiriki mwembamba, jina refu kuliko mimi.

KITI: Giannis Antetokounmpo.

FUTIKAMBA: Huyo. Akaendelea kurefuka baada ya kuchaguliwa! Sasa mimi nifanyeje na mtu asiyetulia?

JARIDA: Jamani, hata Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, televisheni ikiwa inaonyesha tangazo la chakula. Je, na televisheni nayo ishtakiwe?

KITI: Wote. Mimi nina wazo. Tutengeneze orodha ya watengeneza orodha. Mia moja, kuanzia wa kwanza. Maskauti, waandishi, mameneja, wenye viatu. Tuwape nyota. Tuwapime mabega, tuone wanaruka kiasi gani, tuandike "mzito kidogo, ana hofu dakika za mwisho". Baada ya miaka mitano tuwakumbushe kila mwaka, siku ya uchaguzi, na picha zao.

FUTIKAMBA: Huo ni ukatili, Mzee. Watu wana familia.

RABA: Kwame naye ana mama.

(Futikamba anajirudisha ndani ya kasha lake, kisha anachungulia.)

FUTIKAMBA: Tukifanya hivyo, nani atapima?

RABA: Wewe si umestaafishwa? Ataletwa wa leza.

JARIDA: Mimi siogopi. Nimeandika miaka mingi, nawajua wote hao. Nina sharti moja tu: kwenye orodha hiyo niwekeni wa kwanza.

KITI: Wa kwanza? (Anajivuta, anakung'uta vumbi la mto.) Nafasi yako ipo, Shangazi. Karibu ukae.